Unukuzi wa Mahakamani na Hospitalini: Kazi Iko Wapi, na Inataka Mtu wa Aina Gani

Mtu akihukumiwa katika mahakama ya hakimu na asiridhike, sheria inampa siku 14 kukata rufaa. Jaji atakayeisikiliza rufaa hiyo hakuwapo siku mashahidi walipotoa ushahidi. Hakuwaona wakisita wala hakuwasikia wakijibu maswali ya wakili. Anachokitegemea ni karatasi: kumbukumbu za kesi zilizochapwa, ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi hizo zikichelewa, rufaa inasubiri, na aliyefungwa anasubiri gerezani. Zikiwa na kosa, jaji anaweza kuamua kesi kwa maneno ambayo shahidi hakuyasema.

Kazi ya kugeuza maneno yaliyosemwa yawe maandishi inaitwa unukuzi, na anayeifanya ni mnukuzi. Siku hizi vijana wengi wa Kaunti ya Kilifi wanaisikia kazi hii kupitia matangazo ya kozi za muda mfupi. Ahadi ni kwamba mwenye laptopu na bando anaweza kulipwa kwa dola akiwa nyumbani kwake Mtwapa, Malindi au Mariakani. Baadhi ya wazazi huuza mbuzi au kuchukua mkopo wa chama ili kulipa karo ya kozi hizo.

Kazi ya unukuzi ipo. Lakini imebadilika sana katika miaka michache iliyopita, na anayeingia leo kwa kutegemea kasi ya vidole peke yake anaingia kwenye sehemu ya kazi inayopungua. Makala haya yanaeleza ni wapi kazi inapatikana, ni nani anayeajiri, na ni ujuzi upi unaofaa kulipiwa karo.

Mnukuzi hufanya nini hasa

Mnukuzi husikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Huweka jina au cheo cha kila anayezungumza, huonyesha mahali ambapo sauti haisikiki, kisha hurudia kusikiliza yote akisahihisha. Mtu wa kawaida huzungumza zaidi ya maneno 100 kwa dakika, na ni wachache wanaoweza kuchapa kwa kasi hiyo. Kwa hiyo, kwa mnukuzi mwenye uzoefu, saa moja ya sauti safi huchukua takriban saa nne za kazi. Kwa anayeanza, au kwa sauti yenye kelele za feni, mvua ya mabati na watu wanaokatizana, saa hizo zinaweza kufika nane.

Ugumu wa kazi hii uko masikioni na kichwani kuliko vidoleni. Katika Kiswahili, "alinipa" na "alinilipa" hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini la kwanza ni zawadi na la pili ni deni lililomalizika. "Sikumjua" na "sikumuua" yanakaribiana kwa sauti, na katika kesi ya mauaji tofauti yake ni uhai wa mtu. Kwa Kiingereza cha hospitalini, "fifteen" na "fifty" hukaribiana vivyo hivyo, na miligramu 15 za dawa si sawa na miligramu 50. "Hypertension" ni shinikizo la juu la damu, "hypotension" ni la chini. Asiyejua maana ya maneno hayo ataandika lolote kati ya hayo mawili na kuendelea, bila kujua kwamba amekosea.

Mahakamani: haja ni kubwa

Kwa miaka mingi, mahakimu na majaji wa Kenya wamekuwa wakiandika ushahidi kwa mkono wao wenyewe, huku shahidi akiambiwa aseme polepole ili kalamu imfikie. Baadaye wachapaji hulazimika kuusoma mwandiko huo na kuuchapa. Hapo ndipo kesi nyingi za rufaa zimekuwa zikikwama.

Sheria haimpi mshtakiwa nakala hiyo kama hisani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mshtakiwa ana haki ya kupata nakala ya kumbukumbu za kesi katika muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa ada inayofaa iliyowekwa na sheria. Haki hiyo haiwezi kutimia bila mtu wa kuziandika kumbukumbu zenyewe.

Idara ya Mahakama imekuwa ikihamia kwenye mifumo ya kidijitali. Uwasilishaji wa kesi mtandaoni ulianza katika mahakama za Nairobi mwaka 2020, na Machi 2024 ukazinduliwa kwa mahakama zote nchini. Kesi nyingi sasa husikilizwa kwa video, utaratibu ulioshika kasi wakati wa janga la korona. Kesi ikisikilizwa kwa video au ikirekodiwa kwa sauti, hakimu anaweza kupumzisha kalamu, lakini sauti hiyo ni lazima iandikwe na mtu au ihakikiwe na mtu. Idara ya Mahakama iliwahi kushirikiana na mpango wa serikali wa Ajira Digital kuwatumia vijana waliofunzwa unukuzi katika kazi hiyo.

Kilifi si kaunti ndogo kimahakama. Malindi kuna Mahakama Kuu na vikao vya Mahakama ya Rufaa, na kuna mahakama za mahakimu Malindi, Kilifi na Mariakani. Tena, lugha zinazosikika humo ni zaidi ya moja. Kwa sheria, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Lakini shahidi kutoka Ganze au Magarini anaweza kueleza aliyoyaona kwa Kigiriama, karani akayafasiri, wakili akauliza kwa Kiingereza na hakimu akafafanua kwa Kiswahili, yote ndani ya dakika tano. Mnukuzi anayezielewa lugha zote tatu anaweza kutambua pale tafsiri ilipoacha neno. Asiyezielewa ataandika kile tu alichokisikia kwa Kiingereza.

Wafanyakazi wa Idara ya Mahakama huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, na si serikali ya kaunti wala mahakama ya mtaani. Nafasi zake hutangazwa hadharani. Kijana asitarajie kumkuta msajili wa mahakama na kuomba kibarua, na yeyote anayedai kwamba anaweza "kumwingiza" mtu kwa malipo anadanganya.

Bunge la kaunti na watafiti: nafasi zinazosahaulika

Matangazo ya kozi hutaja mahakama na hospitali, lakini huacha waajiri wawili walio karibu zaidi.

Wa kwanza ni mabunge. Kila neno linalosemwa katika kikao cha bunge huandikwa katika kumbukumbu rasmi iitwayo Hansard. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Kenya ina mabunge 47 ya kaunti mbali na Bunge la Taifa na Seneti, na mabunge hayo yanahitaji maafisa wa Hansard. Bunge la Kaunti ya Kilifi, linalowakilisha wadi 35, hukutana Malindi. Maafisa wake huajiriwa na Bodi ya Huduma za Bunge la Kaunti. Nafasi hizi ni chache na hazitangazwi kila mwaka, lakini zikipatikana ni ajira za mshahara. Kwa kawaida hutafutwa mtu mwenye elimu ya lugha, uandishi wa habari au mawasiliano, anayeandika Kiingereza na Kiswahili sanifu bila kubabaika.

Wa pili ni watafiti. Kilifi ni makao ya mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust uliopo tangu mwaka 1989, na pia ya Chuo Kikuu cha Pwani. Watafiti wa afya na jamii huwahoji akina mama, wahudumu wa afya na wazee wa vijiji, hurekodi mazungumzo hayo, kisha huhitaji yanukuliwe na kutafsiriwa. Mahojiano ya Kigiriama, Kichonyi au Kiswahili cha pwani hayawezi kupelekwa kwa mnukuzi wa ng'ambo asiyezijua lugha hizo. Kazi hii mara nyingi ni ya mkataba mfupi wa mradi, na mnukuzi anayeaminika huitwa tena mradi mwingine unapoanza.

Hospitalini: hapa matangazo hupotosha zaidi

Katika nchi kama Marekani, daktari akimaliza kumwona mgonjwa husema maelezo yake kwenye kinasa sauti, na mnukuzi huyaandika. Huko ndiko kulikozaliwa kazi ya unukuzi wa kitabibu, na kwa miaka mingi sehemu yake imefanywa na watu wa India na Ufilipino kupitia intaneti.

Hospitali nyingi za Kenya hazifanyi hivyo. Daktari au afisa wa kliniki huandika mwenyewe kwenye faili ya mgonjwa au kwenye kompyuta. Baadhi ya wataalamu, hasa wa kusoma picha za eksirei na za mashine nyingine, husema ripoti zao zikachapwa, lakini nafasi hizo ni chache. Kwa hiyo kijana anayesoma unukuzi wa kitabibu akitarajia kuajiriwa na cheo hicho katika hospitali ya kaunti hatakipata.

Kinachopatikana hospitalini ni kazi ya jirani yake, ambayo ni afisa wa rekodi za afya. Huyu hutunza faili, huweka namba za magonjwa, huandaa takwimu na husimamia mifumo ya kompyuta. Ni taaluma inayotambuliwa na sheria ya mwaka 2016 ya wasimamizi wa rekodi na habari za afya, na anayeifanya hutakiwa kusajiliwa na bodi yake. Chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC hutoa mafunzo yake katika ngazi ya cheti na diploma, ingawa si katika kila tawi. Tangu Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 ipitishwe, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, rekodi sahihi zimekuwa na uzito zaidi, kwa sababu hospitali hulipwa kulingana na kile kilichoandikwa.

Huduma za afya ziko chini ya serikali za kaunti, na maafisa wa rekodi katika hospitali za kaunti huajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Mashine inaandika. Je, nani anaisahihisha?

Programu za akili unde sasa zinaweza kusikiliza sauti ya saa nzima na kuiandika kwa dakika chache. Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Nuance, kampuni inayotengeneza programu za kugeuza maneno ya daktari yawe maandishi, kwa takriban dola bilioni 19.7. Kampuni hailipi fedha kama hizo kwa kitu cha kuchezea. Serikali ya Marekani yenyewe, katika makadirio yake ya ajira, inatarajia idadi ya wanukuzi wa kitabibu nchini humo iendelee kupungua.

Hata hivyo mashine hukosea, tena kwa namna ambayo binadamu hakosei. Mnukuzi asiposikia, huandika kwamba sauti haisikiki. Mashine inaweza kubuni sentensi nzima. Watafiti waliochunguza programu iitwayo Whisper, ya kampuni ya OpenAI, walieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima vilikuwa na maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Asilimia 1 ni kidogo kwa anayeandika barua. Kwa faili ya mgonjwa au ushahidi wa kesi ya ubakaji, ni nyingi mno.

Mashine pia hufanya vizuri zaidi katika Kiingereza cha Marekani kuliko katika mazungumzo ya shahidi wa Bamba anayeanza kwa Kigiriama, akachanganya Kiswahili na kutaja jina la shamba ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Kiswahili kinafikiwa taratibu, kwani miradi kama Common Voice ya shirika la Mozilla imekuwa ikikusanya sauti za wasemaji wake. Lugha ndogo za pwani bado ziko nyuma.

Kwa hiyo kazi inahama kutoka kuandika kwenda kuhakiki. Anayelipwa kesho ni yule anayepewa maandishi ya mashine pamoja na sauti, akaweza kusema: hapa pana kosa, na neno sahihi ni hili. Mtu hawezi kuliona kosa la sheria ikiwa haijui sheria, wala kosa la dawa ikiwa haijui dawa.

Hesabu ya malipo

Kampuni za mtandaoni hulipa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ya kazi. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Tuseme, kwa mfano tu, kampuni inalipa nusu dola kwa dakika. Saa moja ya sauti ni dola 30. Mwenye uzoefu akiimaliza kwa saa nne, amepata dola saba na nusu kwa saa. Anayeanza akitumia saa nane, amepata chini ya dola nne kwa saa. Bado hajatoa bando, stima, ada ya kutumiwa fedha na kodi. Kuna pia kazi hukataliwa ikiwa na makosa mengi, na saa hizo nane hazilipwi chochote.

Kabla ya kulipa karo, kijana apige hesabu hii kwa kiwango halisi ambacho kampuni inakitangaza, na kwa kasi yake mwenyewe. Kasi hupimwa bure kwa simu au kompyuta ya rafiki: achukue dakika kumi za taarifa ya habari ya redio, aziandike zote, kisha aangalie saa.

Siri za watu

Mnukuzi husikia mambo ambayo majirani wa mhusika hawayajui: nani ana virusi, nani alipoteza mimba, mtoto gani alidhulumiwa na nani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na anayezifichua kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kwa wagonjwa wa Marekani kuna sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, na kampuni za huko humtaka mnukuzi atie saini ya kutunza siri kabla ya kusikia sauti ya kwanza.

Kwa hiyo kazi hii haifanyiki kwenye saiba ya watu wote, wala kwenye laptopu inayotumiwa na familia nzima bila neno la siri. Kuiweka sauti ya mgonjwa kwenye programu ya bure ya mtandaoni ili iandikwe haraka kunaweza kuwa kosa la kisheria, kwa sababu sauti hiyo imeshatoka mikononi mwa aliyeaminiwa.

Dalili za utapeli

Palipo na hamu ya kazi hapakosi mtu wa kuiuza. Wakazi wanaombwa kujihadhari na haya:

Anayeuza akaunti ya kampuni ya ng'ambo iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kampuni ikigundua, huifunga, na fedha zilizokuwa ndani hupotea pamoja na bei ya akaunti.

Anayedai ada ya usajili au ya "kufungua kazi." Mwajiri wa kweli humlipa mfanyakazi, hamdai kwanza.

Chuo kinachoahidi ajira kwa hakika baada ya wiki nne. Kijana aulize: waliomaliza mwaka jana wako wapi, na je, anaweza kuzungumza na wawili kati yao?

Anayetaka nakala ya kitambulisho na namba ya siri ya M-Pesa. Namba ya siri haitakiwi na mwajiri yeyote.

Pa kuanzia

Asiye na fedha aanze na mafunzo ya bure. Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa na serikali ya kitaifa mwaka 2016, hufundisha kazi za mtandaoni, unukuzi ukiwemo, bila karo. Hapo kijana atajua kama ana masikio na uvumilivu wa kazi hii kabla mzazi hajauza chochote.

Anayeipenda mahakama asome uhazili au masomo ya sheria ya ngazi ya cheti katika chuo kilichosajiliwa. Pia aende kuketi mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mwananchi anaruhusiwa kuingia, kukaa kimya na kusikiliza. Wiki moja katika mahakama ya Kilifi au Malindi itamfundisha maneno ya sheria na namna mawakili wanavyozungumza, na hailipiwi.

Anayeipenda hospitali afikirie rekodi za afya badala ya unukuzi mtupu. Ni masomo marefu zaidi na yana gharama, lakini mwisho wake ni taaluma yenye usajili, na unukuzi unaweza kuwa kazi yake ya ziada.

Anayezijua vizuri lugha zake za nyumbani asizidharau. Ajizoeze kuziandika kwa usahihi na kuzitafsiri kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha atunze mifano ya kazi yake ya kuwaonyesha watafiti. Sauti ya mifano hiyo iwe ya hotuba au redio, kamwe isiwe siri ya mtu.

Nafasi za kazi za serikali ya kaunti hutangazwa wazi, na maombi yake hayalipiwi. Anayetaka kuuliza kuhusu kozi au tangazo fulani kabla ya kutoa fedha anaweza kufika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yake au ofisi ya vijana iliyo karibu, akiwa na tangazo lenyewe mkononi.